Mstari wa Vichujio

Mawimbi ya Dodoma yalianza saa mbili kamili kila asubuhi. Ndani ya Ukumbi wa Mwamba, mahali ambapo zamani malori ya mizigo yalikuwa yakiegeshwa, pampu kumi na sita ziliamka kwa pamoja na kusukuma lita milioni mbili za maji ya chumvi kutoka ukuta mmoja wa kioo hadi mwingine. Juu ya maji, taa mia tatu za jua-bandia ziliwaka polepole, kwanza kwa rangi ya waridi, halafu ya manjano, na kufikia saa nne mwanga wake ulikuwa mkali kiasi kwamba wahudumu walivaa miwani myeusi. Mashine ndogo za miguu minane, ambazo watoto wa shule walizipa jina la kaa-kioo, zilipanda na kushuka ukutani zikilamba ukungu wa kijani. Nyuma ya pazia ulisimama mtungi mrefu ulioitwa kipovushi. Kazi yake ilikuwa kuyachapa maji kwa hewa mpaka yatoe povu la kahawia, na povu hilo lilibeba kinyesi cha samaki na uchafu mwingine wote hadi kwenye mfereji.

Katikati ya maji hayo kulikuwa na matumbawe hai ya aina mia moja na nne. Mengi ya hayo hayakuwepo tena mahali pengine popote. Bahari ilipopanda joto, miamba ya pwani yote iligeuka myeupe kama mifupa ndani ya misimu miwili, na haikurudi. Mhandisi Salhina Mbaraka, mzaliwa wa Kilwa, alikuwa mwanafunzi wa chuo wakati huo. Alizamia, akavunja vipande vilivyokuwa bado na uhai, akavibeba kwenye ndoo. Kwa miaka kumi na moja alivitunza kwenye matangi ya plastiki nyuma ya maabara, akinunua chumvi kwa mshahara wake mwenyewe, mpaka shirika moja jipya lililoitwa Bahari Bara likamfuata na wazo la kujenga mwamba katikati ya nchi, mbali na bahari iliyokufa, karibu na umeme wa jua na watalii.

Bajeti ya kwanza aliyowaandikia ilikuwa ya kweli. Ujenzi ulitaka bilioni thelathini na nane: kioo chenye unene wa mkono mzima, pampu, taa, kipovushi, na tani sabini za chumvi kwa kujaza tangi mara ya kwanza tu. Ukurasa wa pili ulikuwa wa matunzo. Kila mwezi sehemu moja ya kumi ya maji ilipaswa kumwagwa na kuwekwa mapya, maana yake ni tani saba za chumvi kila mwezi. Kila siku hewa kavu ya Dodoma ilikunywa lita elfu tatu, na hizo zilipaswa kurudishwa kwa maji matamu yaliyochujwa mara nne. Kulikuwa na chokaa ya kuyajenga matumbawe, chakula cha samaki, taa za kubadilisha kila baada ya miezi kumi na minane, jenereta za akiba, na watu. Jumla ya matunzo ilikuwa bilioni tisa kwa mwaka.

Mkurugenzi wa shirika, Bwana Deusdedit Kalokola, aliusoma ukurasa huo akiwa amesimama dirishani. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikasirika.

"Bilioni thelathini na nane bodi imezikubali," alisema. "Hizi tisa zimewashtua."

"Mkurugenzi, kujenga tangi ni sherehe ya harusi. Haya ya ukurasa wa pili ndiyo ndoa."

"Basi harusi ipo. Ndoa wanaitaka kwa bilioni sita." Alimrudishia karatasi. "Kaa na Mkadiria siku mbili tatu. Najua utapata njia, Mhandisi. Ukishindwa, vipande vyako vinabaki kwenye matangi ya plastiki, na wewe unajua vitaishi mpaka lini."

Alijua. Kiangazi kilichopita alikuwa amepoteza aina tisa.

Mkadiria ilikuwa akili unde ya shirika, iliyotengenezwa kwa kazi moja tu ya bajeti. Haikuwa na umbo. Ilikuwa sauti ndani ya meza nyeupe, na juu ya meza hiyo mistari ya matumizi ilijipanga na kujipangua yenyewe. Kilichoitofautisha na mashine za zamani za hesabu ni kwamba kila mstari iliufungamanisha na kitu kilichoitwa kizingiti cha madhara: ukipunguza fedha hapa, ni nini kitakufa, na siku gani. Salhina ndiye aliyeilisha vizingiti vya matumbawe. Ilimchukua miezi mitano kuingiza kila alichokuwa amekiandika kwenye madaftari yake tangu ujana.

"Nikipunguza chumvi kwa asilimia kumi," Mkadiria ilisema, "matumbawe-pembe ya kundi la tatu yatakufa siku ya arobaini na moja."

"Usipunguze chumvi."

"Nikichelewesha taa kwa miezi minne, matumbawe-meza yatapoteza rangi siku ya tisini."

"Acha taa."

Ndivyo walivyokwenda. Kila alipogusa maji, mwanga au chokaa, meza ilimwonyesha maiti. Kwa hiyo mkono wake ukaanza kwenda kwenye mistari isiyo na maiti. Wazamiaji sita wakawa watatu. Fundi wa zamu ya pili akaondolewa. Bima ya wahudumu ikashushwa daraja. Gharama ya chumba cha kukwangulia mawe yaliyobeba matumbawe, ambacho kilipaswa kuwa na feni kubwa ya kuvuta hewa, ikapunguzwa, chumba kikabaki na dirisha na barakoa. Siku ya pili, alasiri, lilibaki pengo dogo sana. Mfumo wa bodi haukupokea bajeti iliyozidi kiwango hata kwa shilingi moja.

"Mistari iliyobaki ni miwili," Mkadiria ilisema. "Maua ya mapokezi, na vichujio vya barakoa ya chumba cha mawe. Mstari wa maua Mkurugenzi ameufunga, hauguswi."

Salhina alijisugua macho. Hakuwa amekula tangu asubuhi.

"Vichujio vinabadilishwa kila mwezi," mashine iliendelea. "Vikibadilishwa kila miezi mitatu, bajeti inafika. Lakini mstari huu hauna kizingiti. Nani atadhurika, na siku gani? Sina takwimu."

Alijua barakoa ile ni ya nini. Miongoni mwa matumbawe kuna jamii moja yenye vichwa vidogo vya duara, vizuri kama vifungo vya gauni, na kwa sababu hiyo yeye aliyaita vifungo. Huota haraka na kuyafunika mengine mpaka yakose mwanga, kwa hiyo lazima yakwanguliwe. Ndani yake mna sumu kali. Majini haina neno, lakini ikipata maji ya moto hupanda na mvuke, na mvuke huo ukivutwa unaingia mapafuni. Alikuwa amesoma habari za watu watano waliodhurika, wote katika nchi za mbali, na wote walipona. Kiwanda cha vichujio kiliandika siku thelathini. Salhina alijiambia kwamba viwanda huandika siku chache ili viuze zaidi. Alijiambia pia kwamba mwaka wa pili, viingilio vikishaanza kuleta fedha, mstari huo angeurudisha mwenyewe.

"Hakuna," alisema. "Weka miezi mitatu."

"Nimeandika: hakuna."

Bajeti ikapita siku ya Ijumaa. Kalokola alimpigia simu yeye mwenyewe kumpongeza.

Aliyeajiriwa katika chumba cha mawe aliitwa Elieza Chilongani. Alikuwa Mgogo wa Mpunguzi, mtu wa miaka arobaini na sita, mrefu, mwenye vidole vyembamba. Kwa miaka ishirini alikuwa amepogoa mizabibu, mpaka mashine za kupogolea zilipoletwa kwenye mashamba na watu mia mbili wakarudishwa nyumbani siku moja. Katika Ukumbi wa Mwamba mambo yalikuwa kinyume. Mkono wa roboti wenye hisia za kutosha kukwangua kifungo bila kuvunja tumbawe lililo karibu yake ulikuwa unauzwa bilioni moja na nusu. Mkono wa Elieza ulikuwa wa bei nafuu.

Hakuwa ameiona bahari maisha yake yote. Siku ya kwanza alisimama mbele ya kioo kwa muda mrefu, kofia mkononi.

"Haya ni mawe au ni miti?" aliuliza.

"Ni wanyama," Salhina alimjibu. "Wadogo sana, maelfu kwa maelfu, wamejengeana nyumba moja."

Elieza alifikiri. "Na hawagombani?"

"Wanagombana sana. Ndiyo maana tumekuita."

Alijifunza haraka kuliko wazamiaji waliotoka vyuoni. Alilishika jiwe kwa mkono wa kushoto, akaligeuza mara moja, akajua wapi pa kuanzia kuvilegeza vifungo kwa bomba la mvuke kabla ya kuvikwangua. Sehemu aliyosafisha yeye ilipona kwa juma moja, wakati walizosafisha wengine zilichukua mwezi. Tangi lote aliliita shamba. Asubuhi alipita kwenye kioo kabla ya kuvaa sare, akaangalia kilichoota, kisha akamletea Salhina taarifa. "Mhandisi, yule wa zambarau kule pembeni anasongwa. Leo nimtoe?" Salhina hakuwa amewahi kupata mtu wa kuzungumza naye mambo hayo kwa namna ile. Mara nyingi walikunywa chai pamoja kwenye ngazi za nyuma, na Elieza akamsimulia habari za mke wake, Perisi, aliyeuza mchicha na mlenda soko la Majengo, na watoto wao watatu waliosoma.

Mwezi wa tano wa kazi yake alimjia na barakoa mkononi.

"Mhandisi, hiki kichujio kimeanza kunuka. Na mdomoni napata ladha kama nimenyonya msumari."

"Tangu lini?"

"Wiki mbili. Inakuja nikimaliza kazi, inakaa mpaka usiku. Perisi anasema chumvi imenizidi kwenye chakula, kumbe chumvi ni sawa."

Salhina alikigeuza kichujio. Mkaa wa ndani ulikuwa umelowa na kushikana. Kilikuwa na siku hamsini na nne.

"Pumzika siku mbili," alisema. "Kipya kinakuja mwezi ujao."

"Nikipumzika siku inakatwa."

"Basi tumia maji ya baridi, usitumie mvuke. Itachukua muda lakini ni salama zaidi."

"Sawa," Elieza alisema, na akarudi chumbani.

Siku hiyohiyo Salhina aliketi mbele ya meza nyeupe akaomba kichujio kabla ya wakati. Mkadiria ikamjibu kwamba fungu la dharura hufunguliwa kukiwa na tishio kwa matumbawe tu, na kwamba barakoa haikuorodheshwa miongoni mwa matumbawe. Kama angependa kutangaza tishio, bodi ingearifiwa papo hapo, na maonyesho yote yangesimamishwa hadi uchunguzi ukamilike. Salhina aliiangalia kalenda. Zilikuwa zimebaki siku kumi na saba kufika siku ya kutaga. Akaandika kwenye daftari lake: kichujio, fuatilia. Akaendelea na kazi nyingine.

Siku ya kutaga ilikuwa jambo kubwa kuliko yote. Baharini, zamani, matumbawe yalitoa mayai yake usiku mmoja kwa mwaka, siku chache baada ya mwezi mpevu, yote kwa saa moja, kana kwamba yamepigiana simu. Ndani ya ukumbi, jua na mwezi vilikuwa mali ya shirika, na usiku ungeweza kuwekwa wakati wowote. Kalokola aliuweka saa tisa alasiri ya Jumamosi, ili wageni wenye watoto waweze kuja. Alikwishauza tiketi elfu nne. Mabalozi wangekuwepo. Hakuna tumbawe lililokuwa limetaga katika Afrika Mashariki kwa miaka kumi na tatu, na kama yangetaga, vizazi vipya vingepatikana, na jina la mwamba lingehama kutoka kitabu cha makumbusho kwenda kitabu cha viumbe hai.

Wiki mbili kabla, vifungo vililipuka. Pengine ilikuwa chakula cha ziada walichoongeza ili matumbawe yapate nguvu ya kutaga. Mawe arobaini yalifunikwa. Salhina alipiga hesabu ya maji baridi, ikatoka siku ishirini na sita.

Alikwenda kwenye chumba cha mawe mwenyewe.

"Kaka Elieza, tunahitaji yote arobaini kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo."

"Kwa maji baridi hayataisha."

"Najua."

Elieza alimtazama, kisha akatazama bomba la mvuke lililoning'inia ukutani. "Kichujio hakijaja," alisema. Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayekumbusha.

"Kinakuja tarehe moja. Fungua dirisha, na ukisikia ile ladha, toka nje."

"Ladha ipo siku zote sasa, Mhandisi. Nikitoka kila ninapoisikia, nitafanya kazi lini?"

Salhina alimwambia kwamba yakitaga, yeye Elieza atakuwa amefanya kitu ambacho maprofesa wa dunia nzima wameshindwa. Hilo lilikuwa kweli, na alilisema akijua lina nguvu gani kwa mtu kama yule. Elieza alitabasamu kidogo, akavaa barakoa.

Jiwe la thelathini na saba lilikuwa juu ya meza ya zege Jumatano asubuhi Elieza alipokutwa sakafuni, bomba likiwa bado linatoa mvuke. Alikuwa anatetemeka mwili mzima na meno yamekazana. Gari la wagonjwa lilijiendesha lenyewe hadi hospitali likiwa na mzamiaji mmoja aliyeomba kumsindikiza. Salhina alibaki kuhakikisha chumba kimefungwa, kisha akafuata mchana. Elieza alikuwa na fahamu. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Yamebaki matatu," alisema.

"Yaache. Yametosha."

Madaktari hawakuwahi kukutana na kitu kama hicho. Mji ule uko mamia ya kilomita kutoka baharini; hakuna mtu aliyewahi kulazwa pale kwa sumu ya matumbawe. Walipima malaria, wakapima dawa za kuua wadudu, wakapima moyo. Akili unde ya hospitali iliwapa majina ya magonjwa thelathini, na hilo halikuwemo. Salhina alimweleza daktari wa zamu na kumtumia maandishi machache, lakini zamu ilibadilika, na Ijumaa hali ilizidi kuwa mbaya. Misuli ilikuwa inayeyuka na kuziba figo.

Jumamosi saa saba mchana simu yake iliita. Ilikuwa sauti ya mwanamke ambaye hakuwahi kuzungumza naye kabla.

"Dada, mimi ni Perisi, mama watoto wa Elieza. Daktari huyu mpya anasema hiyo sumu haijui. Anaomba aje mtu anayeijua."

Salhina alikuwa amesimama juu ya daraja la chuma linalopita juu ya tangi. Chini yake matumbawe yalikuwa yameanza kuvimba, vitone vya waridi vimejitokeza kwenye kila kinywa kidogo. Kwa miaka kumi na moja ya ndoo na matangi ya plastiki hakuwahi kuviona.

"Nawatumia kila kilichoandikwa, mama. Sasa hivi. Kitawafikia ndani ya dakika moja."

"Vile vya kwanza wamevisoma. Anasema anataka mtu wa kumuuliza maswali."

"Anaweza kunipigia."

"Amekupigia mara tatu. Hukupokea."

Ilikuwa kweli. Alidhani ni waandishi wa habari.

"Nitakuja jioni," Salhina alisema. "Nikimaliza tu, nakuja moja kwa moja."

"Sawa, dada," Perisi alisema.

Saa tisa taa zilizimwa na mwezi-bandia ukawashwa. Watu elfu nne walikaa kimya gizani mchana ule. Kwa muda wa saa nzima hakikutokea kitu, na wengine walianza kukohoa na kunong'ona. Kisha tumbawe moja la mbele likaachia punje moja ya waridi, ikapanda polepole. Likafuata la pili. Baada ya dakika tano tangi lote lilikuwa linapanda, mamilioni ya punje, kana kwamba mvua imeanza kunyesha kwenda juu. Watoto walisimama kwenye viti. Mwanamke mmoja mzee wa Tanga aliyekaa mstari wa mbele alikuwa analia, akimwambia kila aliye karibu naye kwamba baba yake aliwahi kumsimulia jambo hili na yeye hakumwamini. Kalokola alimshika Salhina mkono, akauminya.

Salhina aliwasha simu saa kumi na mbili, ndani ya gari. Elieza alikuwa amefariki saa kumi na dakika ishirini. Alimkuta Perisi kwenye ukumbi mrefu wa hospitali, mwanamke mfupi, mnene kidogo, akikunja shati la mume wake na kulitia kwenye mfuko. Salhina alisema maneno ya pole. Perisi aliitikia kwa kichwa, akaendelea kukunja.

Daktari alikuwa kijana, amechoka. Salhina alimuuliza kama angekuja mapema ingesaidia.

"Sijui," daktari alisema. "Tuliyasoma maandishi. Lakini yalikuwa ya matumbawe, hayakuwa ya mtu. Nilitaka kuuliza alivuta mvuke kwa siku ngapi, na barakoa ilikuwa ya aina gani. Kwa hilo ningejua nianzie wapi na figo." Akainua mabega. "Labda ingekuwa vilevile."

Uchunguzi wa bodi ulimalizika kwa kikao kimoja. Hakuna aliyedanganya, na hakuna aliyeulizwa swali gumu. Bajeti ilipitishwa kihalali. Kila mstari ulikuwa na saini. Familia ilipewa mishahara ya miezi kumi na minane, kama sheria ilivyotaka, na malipo ya siku moja zaidi, ile Jumatano, ambayo Kalokola aliiongeza kwa sababu Elieza alikuwa ameianza. Aliyasema hayo kwa huzuni ya kweli.

Wiki iliyofuata Salhina aliitwa tena kwenye meza nyeupe. Mafanikio ya kutaga yalikuwa yameleta wawekezaji wapya, na shirika lingejenga tangi la pili Tabora, kubwa mara mbili. Yeye angekuwa mkuu wa ufundi wa matangi yote mawili.

"Mstari wa vichujio umerudishwa kila mwezi," Mkadiria ilisema. "Kizingiti kimeingizwa: mtu mmoja, siku ya sitini na nane baada ya kichujio kipya, kwa mawe thelathini na saba ya mvuke. Awali ulinipa jibu kwamba hakuna. Sasa kuna. Asante kwa takwimu."

Salhina alitoka nje, akasimama kwenye ngazi za nyuma. Kisha akarudi ndani akasaini. Mayai yalikuwa yamekwisha kuwa vijitumbawe laki mbili vya ukubwa wa kichwa cha pini, na hakuna mtu mwingine aliyejua kuvilisha.

Alikwenda Nkuhungu, nyumbani kwa Elieza, siku ya arobaini ya msiba, baada ya ibada, wageni wengi walipokwisha kuondoka. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, yenye uwanja uliofagiwa. Perisi alikuwa anaosha sufuria kubwa za msibani. Alipomwona akajifuta mikono kwenye kanga.

"Mbukwenyi," Salhina alimwamkia, kwa lile neno moja la Kigogo ambalo Elieza alimfundisha.

"Mbukwa. Karibu, dada. Kaa hapo kwenye kigoda, viti wamevirudisha kanisani."

Alimletea chai ya tangawizi. Walizungumza habari za watoto. Yule mkubwa alikuwa amerudi shule. Wa pili alikuwa bado hataki. Salhina akaeleza alichokuja kueleza, yote, bila kuficha: bajeti, pengo, barakoa, mwezi mmoja na miezi mitatu, swali la mashine na jibu lake. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa amejiandaa hata kwa polisi.

Perisi alisikiliza mpaka mwisho, akiitazama sufuria.

"Hicho kichujio," alisema, "kilikuwa shilingi ngapi?"

Salhina alikumbuka bei hiyo vizuri sana.

"Elfu thelathini na mbili."

"Kwa siku?"

"Kwa mwezi. Kimoja kwa mwezi."

Perisi aligeuka akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu alipoingia. Hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha ngeni na anasubiri kutafsiriwa.

"Mimi nilidhani ni kitu cha mamilioni," alisema. "Hizi siku zote nimekuwa nikijiambia, ni vyombo vya kizungu, vya bahari, watu wangepata wapi fedha kama hizo. Elfu thelathini na mbili naipata sokoni siku moja. Siku mbaya." Akahesabu kitu kichwani. "Ungemwambia aniambie, dada. Ningenunua."

Barabarani gari la shirika, lisilo na dereva, lilipiga honi fupi kumkumbusha kwamba saa ya kuvilisha vijitumbawe imekaribia. Baada ya muda likapiga tena. Perisi alikuwa amekwisha kurudi kwenye sufuria zake. Salhina alikaa palepale kwenye kigoda, kikombe mkononi, mpaka chai ikapoa, na hakuna aliyemwambia aondoke wala abaki.